Sikio la Ubavu

Penseli ndiyo iliyonijulisha kwamba sikio limekwenda.
Siku ya kwanza kurudi karakanani, Barabara ya Kumi na Nne,
nilipima ubao wa mninga, nikatia alama,
mkono ukapanda wenyewe, kama ulivyozoea miaka ishirini,
ukaipachika penseli pasipo na mahali.
Ikaanguka.
Nikaiokota. Ikaanguka.
Mwanagenzi wangu Shebughe akageukia kwenye randa,
akajifanya anatafuta msumari.

Watu niliwaambia pikipiki.
Pikipiki zabeba mengi hapa Tanga, na hilo nalo likabebwa.
Lakini Bombo, kitandani, daktari alizitazama kingo za jeraha,
akazitazama tena, akauliza taratibu:
"Pikipiki hii ilikuwa na meno?"

Ilikuwa na meno. Ilinyonya ziwa nililolinyonya.
Tuligombea nyumba ya Makorora, vyumba vitatu na choo cha uani,
arubaini ya mama haijafika,
na Mbaruku, niliyembeba mgongoni akiwa na surua,
akanirukia, akauma, akavuta,
akalitema pale kwenye mtungi, mbele ya shangazi zetu,
kisha akalia kuniliko mimi.
Lililetwa hospitali ndani ya mfuko wa barafu za ukwaju.
Limechelewa, wakasema.

Sikio halipiti kichwa, wazee hunena.
Sawa. Ila kichwa kisicho na sikio
kofia hukilalia upande, kama chungu juu ya mafiga mawili.

Daktari Nakijwa alibandika nailoni kwenye sikio zima,
akafuatisha kila kona kwa wino, akaigeuza.
Nikacheka, uzi wa jeraha ukanivuta:
"Kumbe nanyi mna kigezo!"
Akanieleza atakapokata: gegedu ya mbavu, hapa na hapa.
Nikamuuliza swali la fundi: ina nyuzi? Yapinda?
"Ukiichonga upande mmoja tu," akasema, "hukugeukia."
Kama mbao mbichi, nikasema.
Kama mbao mbichi, akasema.
Nikalala kwa dawa yao bila hofu.
Ubavuni alitoka Hawa, mwanamke mzima;
mimi nadai sikio tu.

Hakuna aliyenionya juu ya kikohozi.
Wiki tatu, kukohoa ni kupigwa patasi.
Nalo sikio lilikaa chini ya ngozi miezi sita,
limevundikwa kama ndizi,
ndipo wakaliinua, wakaliviringishia nyuma
kipande cha ngozi ya paja.
Mimi sasa ni kabati la mbao za kuokoteza,
lakini milango yafunga.

Muuguzi ndiye aliyesema, mimi sikuuliza:
yule mtu wa koridoni, mwenye chupa ya uji,
asiyeingia hata akiitwa,
alikuja na baiskeli mara ya kwanza,
mara ya pili akaja kwa miguu,
na risiti ya dawa ina jina lake.

Sikio hili halijui baridi. Mbu hutua, hushiba, huondoka.
Ukilitazama karibu utaona limekuwa nene kidogo,
na ndewe yake imejikunja kama mtu mwenye haya.
Ila tundu halikuguswa. Kusikia hakukwenda popote.
Hilo sikumwambia Mbaruku.
Mwaka mzima akinisemesha kushoto
nilimwonyesha kwa kidole: huku kumekufa.
Nilikuwa nasikia.
Nilisikia hata alivyokuwa anameza mate kabla ya kuanza.

Jana kaja na mlango wa Makorora kichwani,
mlango wa chumba cha mama. Mvua zimeuvimbisha, wakwaruza sakafu.
Akaulaza juu ya meza. Akasimama kushoto,
akasema jambo, chini kwa chini, akiutazama mlango.
Jambo hilo si lenu.

Nikapeleka mkono juu ya sikio.
Penseli ilikuwepo.
Nikapiga mstari, robo inchi kutoka chini, nikaurudisha mkono,
penseli ikakaa.
"Nimesikia," nikamwambia.
Kisha, kwa kuwa mlango ule ni mzito
na Shebughe alikuwa kaenda kunywa chai:
"Shika huko."